Kurekodi gitaa kavu: maiki moja, maiki mbili, laini au mseto?

Anayetaka kurekodi gitaa kavu nyumbani ana njia nne: maiki moja, maiki mbili, laini, yaani waya kutoka kwenye pikapu (kinasa kilichofungwa kwenye gitaa lenyewe), au mseto wa laini na maiki. Zote nne zimewahi kutoa rekodi safi, na zote nne zimewahi kutoa takataka. Kinachoamua ni chumba na kelele zake, kisha mkono wa mpigaji. Bei ya maiki inakuja nyuma kabisa, ingawa dukani ndiyo inayotajwa kwanza.

Vigezo vinatangulia hapa chini, halafu kila njia inapimwa kwa vigezo hivyo hivyo. Ukiwa na haraka, ruka utakachoruka lakini usiruke sehemu ya kelele.

## Vigezo

Kelele za mahali. Kelele iliyoingia ndani ya noti haitoki, ndiyo maana kigezo hiki ni cha kwanza. Kondele, Kisumu, kuna matatu na pikipiki hadi usiku. Ukisogea Dunga, karibu na ziwa, magari yanapungua, lakini jua likizama vyura na nyenje wanashika zamu. Mlio wa nyenje hukaa karibu na kHz 4 hadi 5, pale pale penye mng'aro wa nyuzi, kwa hiyo ukiuchuja unachuja na gitaa. Kwa anayeishi Nakuru kandokando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret, tatizo ni malori. Hilo ni jepesi kidogo, kwa sababu sehemu kubwa ya ngurumo yake iko chini ya Hz 80, na noti ya chini kabisa ya gitaa ni Hz 82. Kakamega na Vihiga kuna mvua ya alasiri juu ya mabati, na hiyo haina dawa: unaweka gitaa chini, unasubiri. Mabati hulia hata bila mvua. Yakipigwa na jua la asubuhi yanatanuka na kutoa mlio mkavu, na jioni yakipoa yanarudia.

Usikisie kelele, ipime. Chomeka maiki, mwambie mpigaji acharaze kwa nguvu zake zote, na urekebishe geni, yaani kiasi cha kukuza sauti ya maiki, hadi kilele kifike dB −8. Usiiguse geni tena. Mpigaji anyamaze, wewe rekodi kimya cha dakika moja huku ukitazama mita. Kimya kikibaki chini ya dB −60, chumba hicho kinakubali njia yoyote. Kikiwa kati ya −60 na −50, maiki moja iliyokaa karibu ndiyo salama. Kikipita −50, tumia laini au tafuta saa nyingine. Namba hizi ni za kukusaidia kuamua, si sheria. Anayecharaza kwa nguvu mfululizo huficha kelele nyingi kuliko anayechuna noti moja moja. Rudia kipimo saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa tano usiku. Watu wengi hukimbilia usiku bila kupima, kumbe saa nne asubuhi ya siku ya kazi, watoto wakiwa shuleni, mtaa mzima umetulia.

Feni izimwe. Friji pia, na ukishaizima weka funguo za nyumba ndani yake, la sivyo utaondoka na kuacha samaki waoze.

Chumba. Vyumba vingi vya kupanga ni futi 10 kwa 10, yaani kama mita 3.05 kila upande. Kuta zilizo umbali huo hukuza sauti za Hz 56 na Hz 112. Uzi wa tano wa gitaa, A, ukipigwa wazi ni Hz 110. Ndiyo sababu A huvuma kuliko noti nyingine ndani ya chumba kama hicho, na kwa kuwa chumba ni mraba, kuta za pande zote nne zinasukuma noti ile ile moja. Watu huweka kiti katikati wakidhani ndipo mbali na kuta, na kumbe katikati ndipo wimbi la Hz 112 lina nguvu zaidi. Sogeza kiti na stendi hadi maiki iwe kama sentimita 75 kutoka kwenye kuta mbili za jirani. Hapo wimbi hilo hulegea, na utalisikia likilegea bila kuguswa kitufe chochote.

Mwangwi wa juu ni jambo jingine. Piga kofi moja katikati ya chumba. Ukisikia mlio wa haraka unaotetemeka, kuta zinarushiana sauti. Tundika blanketi mbili nzito, au simamisha godoro, nyuma ya mpigaji. Wengi huliweka nyuma ya maiki, lakini maiki za kawaida husikia mbele, na kilicho mbele ya maiki ni mpigaji pamoja na ukuta ulio nyuma yake. Blanketi haitagusa mvumo wa A. Huo dawa yake ni kuhama mahali tu.

Mkono wa mpigaji. Mpigaji wa omutibo, mtindo wa gitaa kavu wa Waluhya, anayechuna kwa gumba na kidole cha shahada anahitaji kila noti isimame peke yake, besi ikitembea chini na sauti ndogo ikijibu juu. Mcharazaji wa piki katika kwaya anahitaji upana na mdundo. Njia inayompendeza mmoja yaweza kumharibia mwenzake.

Kazi ya gitaa na pa kusikilizia. Gitaa linalosimama peke yake na sauti ya mwimbaji linabeba wimbo mzima, kwa hiyo besi yake ibaki. Likiwa ndani ya bendi yenye ngoma na gitaa la besi, kila kitu chini ya Hz 120 hivi kitakatwa hata hivyo, basi usijitaabishe kukitafuta. Halafu jiulize wimbo utasikilizwa wapi. Spika moja ya simu au ya blutuuthi huunganisha kushoto na kulia kuwa kitu kimoja, na hapo ndipo rekodi nyingi za maiki mbili hufia.

Vifaa na pesa. Njia ya bei ndogo ni maiki moja, au laini kama gitaa lina pikapu tayari. Maiki mbili na mseto zote zinadai milango miwili kwenye intafesi, kile kisanduku kinachounganisha maiki na kompyuta.

Yafuatayo ni ya njia zote: rekodi kwa kHz 48 na biti 24, vilele vikae kati ya dB −12 na −6, kompyuta itembee kwa betri yake ili umeme ukikatika usipoteze kazi. Nyuzi mpya zifungwe siku moja au mbili kabla, zikae na kunyooka. Kisumu kuna joto na unyevu, jasho la vidole hula nyuzi haraka. Nyuzi za mwezi uliopita zilizokuwa na uhai Nakuru huenda zimekufa Kisumu. Tyuni kila mara kabla ya kurekodi, hata kama ulityuni dakika tano zilizopita.

## Njia ya kwanza: maiki moja

Vifaa. Maiki moja ya kondensa, stendi, intafesi yenye fantomu ya volti 48 (umeme unaoilisha kondensa), na hedifoni zinazofunika masikio. Kondensa ya kiwambo kidogo hushika mguso wa kidole kwa haraka zaidi. Ya kiwambo kikubwa huwa nzito kidogo na inafaa kuimbia pia. Maiki ya dainamiki kama Shure SM57 haihitaji fantomu na husikia mng'aro mdogo, lakini inataka geni nyingi, na intafesi za bei nafuu zikisukumwa hadi mwisho hutoa mvuvumo wao wenyewe.

Uwekaji. Weka maiki sentimita 25 hadi 30 kutoka kwenye freti ya 12, imeelekea pale shingo inapoingia mwilini. Usielekeze kwenye tundu. Hewa iliyo ndani ya mwili wa gitaa huvuma karibu na Hz 100, na mvumo huo hutokea tunduni. Maiki ikisimama mbele yake itarekodi 'buu' na kukuachia kazi ya kuukata baadaye.

Freti ya 12 ni pa kuanzia tu. Mpigaji aendelee kupiga kipande kimoja huku mtu wa pili, hedifoni zikiwa masikioni, akiisogeza maiki polepole. Kuelekea kichwa cha gitaa sauti inakonda na vidole vinasikika vikiteleza. Kuelekea briji sauti inakaza na kupata ubao. Sentimita 5 zinatosha kubadili tabia ya gitaa. Ukiwa peke yako, rekodi sekunde 20 mahali patano tofauti, ukitaja kila mahali kwa mdomo kabla ya kupiga, halafu sikiliza ukiwa umefumba macho usione jina la faili.

Sauti yake. Iko katikati, inasikika sawasawa kwenye simu na kwenye redio ya gari. Gumba na shahada hutengana vizuri. Upana haina.

Panapoharibika. Chini ya sentimita 15, maiki inayosikia mbele huvimbisha besi. Mpigaji anayeyumba kwa mdundo huingia na kutoka kwenye maiki, na sauti hupanda na kushuka bila sababu inayoonekana. Mpe kiti kisicho na mikono na umwekee alama ya utepe sakafuni pa kuweka mguu. Vifungo vya shati vikigonga mgongo wa gitaa hurekodiwa. Saa ya mkononi pia, na pumzi, kwa mpigaji anayeinama.

Kupiga mara mbili. Anayetaka upana na ana maiki moja tu asikimbilie kununua ya pili. Apige kipande kile kile mara mbili, traki moja aipeleke kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Upana huu hauna ugomvi wa fezi, yaani mawimbi ya sauti moja kufutana, kwa sababu ni mipigo miwili tofauti, na kwenye spika moja unabaki mzima. Kwa kucharaza, njia hii huipita hata stirio ya maiki mbili. Sharti ni mkono thabiti na metronomu. Kwa mchuno wa vidole haifai: vidole havirudii noti kwa wakati ule ule, na msikilizaji husikia kokoto.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye chumba kidogo, mpigaji wa omutibo, na yeyote ambaye gitaa lake litakaa katikati ya wimbo pamoja na sauti ya mtu.

## Njia ya pili: maiki mbili

Vifaa. Kondensa mbili, ikiwezekana pacha za aina moja, milango miwili yenye fantomu, stendi mbili au stendi moja yenye upau wa stirio.

Uwekaji. Kuna mpangilio wa XY na ule wa kutenganisha, na tofauti kati yao ni kubwa kuliko tofauti kati ya maiki za bei mbili.

XY ni hivi: vichwa vya maiki vinakaribiana moja juu ya nyingine bila kugusana, vikitazama pande mbili kwa pembe ya digrii 90. Jozi inakaa sentimita 30 mbele ya freti ya 12, moja ikitazama upande wa briji, nyingine upande wa kichwa. Kwa kuwa sauti inazifikia zote mbili kwa wakati mmoja, hakuna kinachofutana ukiunganisha kushoto na kulia. Upana wake ni wa kiasi.

Kutenganisha: maiki ya kwanza iko freti ya 12, ya pili inatazama mbao zilizo nyuma ya briji, kila moja kama sentimita 25 kutoka kwenye gitaa. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara tatu ya umbali wa maiki na gitaa, hapa basi sentimita 75. Kanuni hiyo hupunguza kufutana, haikuondoi. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde hewani kwenye nyuzijoto 20, kwa hiyo maiki moja ikiwa mbali zaidi kwa sentimita 17 tu, sauti inachelewa nusu ya milisekunde, na ukiziunganisha sauti za karibu na Hz 1,000 zinafutana. Hapo ndipo penye mwili wa noti za juu za gitaa.

Kagua hivi: mpigaji anapiga, wewe bonyeza kitufe cha mono kwenye programu. Sauti ikikonda au ikawa kama inatoka bombani, geuza polariti ya traki moja, yaani pindua wimbi lake juu chini. Ikinenepa, iache hivyo. Isipobadilika sana, irudishe na usogeze maiki ya pili sentimita 2 au 3, kisha ujaribu tena. Kazi hii ifanywe kabla ya kurekodi. Baadaye utakuwa unatibu.

Upo pia mpangilio wa kati-na-kando, unaohitaji maiki ya kati inayotazama gitaa, na ya kando inayosikia pande mbili za mkabala. Traki ya kando hunakiliwa, nakala moja hugeuzwa polariti, moja inapelekwa kushoto na nyingine kulia. Kwenye spika moja traki za kando hufutana zenyewe na kuacha ya kati ikiwa safi. Ni mpangilio mzuri sana, ila maiki ya kando ya namna hiyo ni ghali, na chumba kikiwa kibaya huusikia ubaya wake wote.

Sauti yake. Kwa gitaa linalosimama peke yake, kwenye hedifoni, hakuna njia nyingine inayofikia. Besi inakaa upande mmoja kidogo, nyuzi ndogo upande mwingine, na kati yao kuna hewa.

Panapoharibika. Maiki mbili husikia kelele kwa wingi zaidi, na chumba kwa wingi zaidi. Katika futi 10 kwa 10 zenye kuta za saruji tupu, kutenganisha hukupa rekodi ya kuta. Kosa jingine ni kupeleka traki moja kushoto kabisa na nyingine kulia kabisa. Gitaa linakuwa pana kuliko chumba kizima, na mpigaji akitingisha bega ala yote inayumba. Asilimia 40 hadi 60 kila upande hutosha.

Inamfaa nani. Mpigaji wa vidole anayerekodi muziki wa gitaa pekee, mahali palipotulia: ukumbi mdogo wa kanisa siku ya kazi, sebule yenye zulia na makochi, nyumba ya shambani upande wa Maseno asubuhi. Chumba kikiwa na mashaka, chagua XY badala ya kutenganisha.

## Njia ya tatu: laini

Vifaa. Gitaa lenye pikapu, waya wa jeki, na mlango wa intafesi ulioandikwa Inst au Hi-Z. Kama intafesi iko mbali, weka kisanduku cha DI (kinachoiwezesha ishara ya gitaa kusafiri mbali) karibu na gitaa na upeleke ishara kwa waya wa XLR.

Uwekaji. Hakuna cha kuweka, ila kuna vya kukagua. Pikapu ya piezo iliyo chini ya mfupa wa briji inahitaji mlango wenye ukinzani wa megaohmu 1 au zaidi. Ukiichomeka bila priampu (kikuza ishara) kwenye mlango wa kawaida, sauti inakonda na besi inapotea, na watu hulaumu gitaa. Magitaa mengi ya kanisani yana priampu ubavuni inayotumia betri ya volti 9: weka vifundo vyote vya toni katikati, sauti robo tatu. Betri ikikaribia kufa, noti kali huanza kukwaruza. Jeki ndiyo inayowasha priampu, kwa hiyo ukimaliza chomoa waya. Ukiuacha ndani usiku kucha betri inaendelea kuliwa.

Sauti yake. Kavu, ya karibu, kila noti wazi. Piezo hutafsiri mtikisiko wa briji bila hewa ya mwili wa gitaa, ndiyo maana noti zikipigwa kwa nguvu zina kile kimlio cha bata. Punguza dB 2 hadi 4 mahali fulani kati ya kHz 1 na 3, sogeza hadi bata anyamaze, kisha ongeza mwangwi mfupi wa chumba.

Panapoharibika. Mvumo wa umeme. Umeme wetu ni wa Hz 50, na ukisikia mvumo mzito usiobadilika, gusa nyuzi au chuma cha jeki. Mvumo ukinyamaza ulipogusa, gitaa au waya una tatizo la ngao au eathi. Ukiendelea, chomoa chaja ya kompyuta. Mara nyingi ndiyo. Kama bado, jaribu swichi ya kukata eathi kwenye kisanduku cha DI. Swichi hiyo ndogo hukata eathi ya ishara peke yake. Kukata waya wa eathi kwenye plagi ya ukutani ni hatari ya kufa, na yupo kila mara wa kukushauri ufanye hivyo.

Inamfaa nani. Aliye juu ya duka sokoni, anayerekodi msimu wa mvua ndefu kati ya Machi na Mei chini ya mabati, gitaa la kusindikiza ndani ya bendi ya benga yenye ngoma, na anayeimba huku akipiga na hataki sauti yake imwagikie kwenye traki ya gitaa. Kwa gitaa linalosimama peke yake, laini tupu huchosha masikio mapema.

## Njia ya nne: mseto

Vifaa. Vya njia ya kwanza na ya tatu pamoja, milango miwili.

Uwekaji. Panga kila kimoja peke yake kwanza, kisha vikutanishe. Laini hufika papo hapo, maiki iliyo sentimita 30 huchelewa kama milisekunde 0.9. Ukiziunganisha bila kurekebisha, sauti za karibu na Hz 570 hufutana na gitaa linakuwa tupu kifuani. Kuza mawimbi kwenye programu, tafuta noti moja kali, vuta traki ya maiki mbele hadi vilele vikutane. Kwa kHz 48 ni sampuli kama 42. Ukishavuta, geuza polariti ya laini mara moja uone ipi ni nene.

Sauti yake. Laini inabeba besi na mwanzo wa noti, maiki inaleta hewa. Mgawanyo unaofaa ni maiki juu, laini chini yake kwa dB 6 hadi 10, na laini kukatwa sauti za juu kuanzia kHz 3 au 4 ili bata asirudi.

Panapoharibika. Mpigaji akisogea, umbali wa maiki hubadilika na kufutana kunarudi katikati ya wimbo. Zaidi ya hapo njia hii inaalika uvivu: mtu huirekodi maiki vibaya akijua laini ipo.

Inamfaa nani. Studio ndogo inayopokea wapigaji wa kila namna, na anayerekodi mahali penye kelele za kuja na kuondoka. Jogoo akiwika au kwarara akipita juu ya paa katikati ya kipande kizuri, unashusha maiki sekunde mbili na laini inaziba pengo.

## Na simu je?

Simu ni maiki moja, na inafuata sheria za maiki moja, ila isogee nyuma hadi sentimita 40 au 60. Tumia programu inayohifadhi WAV na inayoruhusu kuzima urekebishaji wa sauti wa kujiendesha, ule unaopandisha kimya na kubana mpigo wa kwanza. Washa hali ya ndege. Iweke kwenye stendi au juu ya taulo iliyokunjwa, si juu ya meza tupu inayotetemeka na gitaa. Kwa demo ya kumpelekea produsa, inatosha.

## Uchague nini, kwa hali yako

Una chumba kimoja Nyalenda au Manyatta na pesa za kitu kimoja tu: kondensa moja, freti ya 12, saa nne asubuhi, blanketi nyuma yako. Ukitaka upana, piga mara mbili.

Unachuna kwa vidole na gitaa ndilo wimbo wote: tafuta mahali kwanza, maiki baadaye. Ukipata sebule iliyotulia Milimani kwa ndugu au ukumbi wa kanisa, XY. Ukikosa, maiki moja bado itakutendea haki kuliko mbili kwenye chumba kibaya. Ukitaka na ile chupa ya soda yenye mistari ikwaruzwe kando kama ilivyo desturi ya omutibo, iweke nyuma ya maiki na umbali wa mita moja na nusu, au irekodi baadaye. Ukali wake hufunika nyuzi ndogo.

Gitaa liko ndani ya bendi: laini, au maiki moja iliyokatwa chini ya Hz 120. Hakuna atakayesikia stirio yako nyuma ya ngoma.

Kwaya inataka gitaa la kucharaza chini ya sauti 30: maiki moja mara mbili, ikirekodiwa kabla au baada ya waimbaji, si pamoja nao.

Wateja wanaingia studioni kwako bila wewe kujua watakuja na gitaa gani: acha mseto ukiwa umechomekwa tayari, na betri mbili za volti 9 kwenye droo.

Unaimba na kupiga kwa pamoja na hutaki kuvitenganisha: laini kwa gitaa, maiki kwa mdomo. Gitaa lisipokuwa na pikapu, shusha maiki ya gitaa chini ya usawa wa freti ya 12, iinamishe itazame sakafuni kidogo huku mgongo wake ukielekea mdomo wako, na ile ya kuimbia iinue itazame juu. Kila moja itasikia kidogo cha mwenzake, kwa hiyo ukikosea ubeti, rudia wimbo wote. Ubeti mmoja hautabandikika.